Maili za ndege na pointi za hoteli kwa sisi tunaoanzia safari Kigoma

Ofisi ikikukatia tiketi ya kwenda Addis Ababa kwenye mafunzo, pesa ni ya ofisi lakini maili, zile alama ambazo shirika la ndege linamwandikia mwanachama kila anaporuka ili baadaye azitumie kulipia tiketi, ni zako. Naanza na hili kwa sababu watu wengi hapa Kigoma hawalijui. Shirika la ndege haliangalii nani kalipa, linaangalia nani kakaa kwenye kiti. Na mji huu una wasafiri wengi kuliko unavyoonekana: watu wa miradi na wa kambi za wakimbizi, watafiti wa Gombe, wafanyabiashara wanaofuata mzigo Dubai na Guangzhou, waumini wa Ujiji wanaokwenda Makka. Wengi wao wanapanda ndege za kimataifa mwaka hadi mwaka bila hata namba ya uanachama, na kujiunga ni bure. (Kuna waajiri wachache wenye sera inayosema maili za safari za kikazi zitumike kikazi. Soma mkataba wako kabla hujaanza kujigawia.)

Ukitafuta ushauri mtandaoni utakutana kwanza na Wamarekani, na asilimia kubwa ya wanayoyasema hayakuhusu. Kule mtu anafungua kadi ya mkopo ya benki, anapewa maili elfu hamsini za kumkaribisha, kisha kila akinunua mkate anaongezewa nyingine. Sisi wengi tunalipa kwa simu au kwa pesa taslimu, na hakuna anayetupa maili kwa kununua mkate. Maili zetu zinatokana na kuruka, na pointi, ambazo ni maili za hoteli za kulipia vyumba, zinatokana na kulala hotelini. Zinaingia polepole, kwa hiyo huwezi kuzitawanya.

Kutawanya ndiko kunakowaumiza wengi. Ukiondoka Dar es Salaam una mashirika mengi ya kuchagua, na makubwa kati yake yamejipanga kwenye miungano mitatu. Ethiopian na Turkish wako Star Alliance. Kenya Airways, KLM na Saudia wako SkyTeam. Qatar Airways yuko oneworld. Emirates amesimama peke yake, ana programu yake ya maili inayoitwa Skywards. Ndani ya muungano mmoja, ukiruka na shirika moja unaweza kuandikisha maili kwenye akaunti ya shirika jingine. Kwa hiyo safari ya Addis Ababa kwa Ethiopian na safari ya Istanbul kwa Turkish zinaweza kumwaga maili kwenye mfuko mmoja. Mimi nimebaki Star Alliance kwa sababu mafunzo yetu mengi yanapitia Addis Ababa. Kama wewe kila mwaka unakwenda Dubai na kurudi, usinifuate mimi, kaa na Skywards. Angalia tiketi zako za miaka miwili iliyopita, uone ulikwenda wapi kweli, halafu chagua. Nchi unayoota kwenda iache kwanza.

Jirani yangu pale Mwanga anauza vitenge na viatu. Jioni moja aliniletea simu yake.

"Mdogo wangu, hebu niangalizie. Wanasema nina maili, mbona sizioni?"

Tukafungua barua pepe za tiketi zake moja moja. Matatizo yalikuwa mawili, na yote mawili nayaona kwa watu wengi.

La kwanza ni jina. Pasipoti yake ina jina lake, la baba na la babu. Akaunti ya maili alifunguliwa na kijana wa dukani, akaweka jina la kwanza na ukoo wa mume. Kompyuta ya shirika la ndege haijui kwamba huyu na yule ni mama mmoja, kwa hiyo safari zikawa zinapita bila kuandikwa. Jina kwenye akaunti liwe lile lile la kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule, na wakala wako apewe namba ya uanachama siku ile ile ya kukata tiketi. Kama safari imeshapita, bado unaweza kudai. Mashirika mengi yanakupa miezi kadhaa ya kudai maili zilizosahaulika, ili mradi uwe na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo zinakuonyesha tiketi ni ya nani: 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar. Bodingi pasi usiitupe mpaka uone maili zimeingia.

La pili ni herufi. Karibu na namba ya ndege kwenye tiketi kuna herufi moja inayoonyesha daraja la nauli: Y, M, K, L na kadhalika. Watu wawili wanaweza kukaa viti vinavyogusana, wakila chakula kile kile, mmoja akapata maili kamili na mwenzake robo, au asipate kitu, kwa sababu ya hiyo herufi. Tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida ndiyo yenye maili kidogo. Tiketi za kundi, zile za vikundi vya umra au za ujumbe wa semina, mara nyingi hazina maili kabisa. Kuna programu za maili ambazo hazihesabu tena umbali wa safari. Flying Blue, inayotumiwa na Air France na KLM, tangu mwaka 2018 inahesabu pesa uliyolipa, ambapo mwanachama wa ngazi ya chini anapata maili 4 kwa kila euro, na kodi za serikali hazihesabiwi. Hata hivyo usiongeze laki tatu kwenye nauli ili upate herufi nzuri. Piga hesabu kwanza.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua bei ya tiketi kwa pesa taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia maili, gawanya kwa idadi ya maili wanazokudai. Tuseme, kwa mfano tu, tiketi ya kwenda na kurudi Dubai inauzwa shilingi 1,300,000. Kwa maili wanataka 40,000 na tozo za shilingi 350,000. Hapo umeokoa 950,000, sawa na shilingi 24 hivi kwa maili moja. Sasa tuseme kipindi cha msongamano tiketi ya Guangzhou imepanda hadi 3,200,000, na kwa maili wanataka 70,000 na tozo za 400,000. Umeokoa 2,800,000, yaani shilingi 40 kwa maili. Maili ni zile zile, thamani karibu mara mbili. Ndiyo maana nasema tiketi ya bei poa ilipie kwa pesa, maili uziweke kwa ajili ya siku ambayo bei imepaa. Na ukifanya hesabu hii kwa zile bidhaa wanazokutangazia kwenye barua pepe, sufuria, begi, spika, utakuta wanakurudishia kiasi kidogo mno. Mimi barua hizo nazifuta bila kuzifungua.

Tozo zisikupite. Kuna mashirika yanayoongeza ada zao kubwa juu ya tiketi ya maili, mpaka "tiketi ya bure" inakaribia bei ya kununua. Kabla ya kubonyeza, fika mpaka ukurasa wa malipo uone jumla.

Turudi kwa jirani yangu, maana kwake tiketi ya bure ilikuwa jambo la pili. Kilichomvutia ni kilo. Ukiruka vya kutosha na kufikia ngazi ya dhahabu ya Star Alliance, unaongezewa kilo 20 za mzigo pale wanapopima kwa uzito, au begi moja zaidi pale wanapohesabu mabegi. Unapata na sebule ya kupumzikia, lakini mfanyabiashara wa viatu hana haja sana na juisi ya sebuleni. Kilo 20 kila safari ni pesa iliyo wazi. Alipolielewa hilo akaacha kuchagua ndege kwa kuangalia nani kapunguza dola thelathini wiki hiyo.

Kwenye hoteli sina mengi. Hapa Kigoma pointi za majina makubwa ya dunia hazina kazi, na Tabora ni hivyo hivyo. Zinaanza kuwa na maana Dar es Salaam, kwa mfano Hyatt Regency pale Kilimanjaro au Four Points iliyo New Africa, na huko Nairobi, Kigali na Addis Ababa kwenye semina. Jambo la kujua ni kwamba chumba ulichokata kupitia tovuti za watu wa kati kwa kawaida hakikupi pointi, kata moja kwa moja kwa hoteli. Vyumba vya semina vikilipwa kwa bili moja ya mwandaaji, mara nyingi wewe hupati pointi za chumba. Uliza mapokezi siku ya kuingia, siyo ya kutoka. Kwenye kutumia, Marriott wanakupa usiku mmoja bure ukikata usiku tano mfululizo kwa pointi, na Hilton wanafanya hivyo kwa wanachama kuanzia ngazi ya fedha (Silver). Hilton pia wanaruhusu kuchangishana pointi na watu wengine hadi 10 bila malipo, jambo linalofaa sana kwa mume na mke wenye vipointi vyao vidogo vidogo.

Ila kulala Dar usiku mmoja kabla ya safari, hoteli za pointi ziko mjini na pwani, uwanja uko upande mwingine, na foleni ya Barabara ya Nyerere unaijua. Gesti safi ya Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, inatosha.

Halafu kuna kuoza. Maili ni kama dagaa walioanikwa masika: ukichelewa kuwatoa, hakuna wa kumlaumu. Skywards zinakaa miaka mitatu. Flying Blue zinapotea ukikaa miezi 24 bila kuruka. Marriott na Hilton ni miezi 24 bila shughuli yoyote, IHG (wenye hoteli za Holiday Inn) ni miezi 12 kwa mwanachama wa kawaida. Na mashirika yanapandisha idadi ya maili wanazodai bila kukuuliza, kwa hiyo kulimbikiza miaka kumi ukisubiri safari kubwa ni hasara hata kama hazijaisha muda. Zikitosha safari unayoihitaji, zitumie.

Kilichobaki ni kipande chetu cha Kigoma mpaka Dar. Air Tanzania haimo kwenye miungano ile mitatu, kwa hiyo maili zako za Star Alliance au SkyTeam hazikutoi hapa, na utakuwa na tiketi mbili zisizojuana. Ya ndani ikichelewa, ya kimataifa haikusubiri, na hakuna anayewajibika. Tafuta kwanza kiti cha maili, maana ndicho adimu, hasa Desemba na msimu wa hija. Viti hivyo vinafunguliwa karibu mwaka mzima kabla. Kikishathibitishwa ndipo ukate ya Kigoma, ufike Dar siku moja kabla. Wakati wa kurudi kumbuka kwamba mizigo inayoruhusiwa kwenye ndege ya ndani ni kidogo kuliko uliyotoka nayo Dubai. Jirani yangu anafungasha upya Kariakoo: sampuli na vya thamani anapanda navyo ndege, marobota yanakuja kwa lori.