Aliyekuambia miaka miwili hajakuhesabia yote

Mdogo wangu, nimezisikiliza sauti zako zote tatu, ya mwisho nikiwa kwenye basi natoka shifti ya usiku. Unasema kuna mtu kakushauri uache unesi, uje Marekani usome tiba ya upumuaji, kazi ya kuhudumia wagonjwa wa mapafu na mashine za kupumulia, ventileta, miaka miwili tu, hospitali zitakugombania na kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, itakufuata yenyewe. Halafu unasema mfano hai ni mimi. Hapo ndipo uliponichoma, maana ni mimi niliyewaacha muamini hivyo.

Tuanze na makaratasi. Uhamiaji wa huku una orodha fupi ya kazi ambazo serikali imeshakubali kwamba watu wake hawatoshi. Mwajiri akitaka kukuleta kwa kazi hizo, hasumbuliwi kutangaza nafasi kwanza ili kuthibitisha kwamba Mmarekani amekosekana. Manesi wamo. Watu wa fiziotherapia wamo. Sisi wa upumuaji hatumo. Viza ya kazi ya H-1B nayo inataka kazi inayodai digrii, na kwetu mtu anaingia kwa stashahada, kwa hiyo mwajiri wa kukuombea utamtafuta kwa tochi. Ukija kama mwanafunzi, ukihitimu unapewa miezi 12 ya kufanya kazi, kisha unabaki unatazama dari. Wewe nesi mwenye leseni, mlango unao, unataka kupitia dirishani?

Mimi nilipitia dirishani kwa kuwa kadi nilikuwa nayo tayari, ya bahati nasibu. Nilitaka unesi. Lakini chuo nilichosoma kilikalia miezi tisa ombi langu la matokeo na silabasi, na bila hayo vyeti vyangu havikaguliwi huku. Miezi hiyo tisa nilibeba boksi: naogesha wazee, nabadilisha nepi za watu wazima, na kila mwezi mnauliza mbona hospitali hainipandishi cheo. Hospitali gani? Nilikuwa na miaka sita ya wodi ya mahututi, na binti wa miaka 20 ananisimamia nikinawa mikono. Nikachoka kusubiri, nikajiandikisha upumuaji. Kabla ya hiyo miwili yako kulikuwa na mwaka mzima wa kemia, anatomia na mikrobiolojia. Huo mtu wako hakuutaja.

Sasa lile ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote huko. Unakumbuka mlivyosherehekea nilipofaulu? Mtihani ule wa bodi ya taifa ya upumuaji, NBRC, ulikuwa na maswali 160, yanayohesabiwa 140, saa 3. Una alama mbili za kufaulu. Ukivuka ya chini unaitwa CRT, cheo cha kuanzia. Ukivuka ya juu ndipo unaruhusiwa kuingia mtihani wa pili, wa wagonjwa wa kwenye kompyuta, 22 kwa saa 4, na ukiupita huo ndiyo unakuwa RRT, cheo cha juu. Karatasi yangu ilitoka kwenye printa ikiwa bado na joto. Ya chini nimevuka. Ya juu nimeikosa kwa maswali matatu.

Nikampigia mama, nikasema nimefaulu. Si uongo. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Jioni kikundi cha ukoo kilijaa maua, na asubuhi yake ikaja ada ya watoto wawili na bati za baba mdogo. Nikatuma. Hela ile ndiyo niliyoitenga kurudia mtihani. Mtu aliyefaulu anasemaje kwamba hana?

Na saa inakwenda. Una miaka 3 tangu kuhitimu kumaliza hadi RRT. California tangu 2015 hawatoi leseni mpya bila RRT, na matangazo mengi ya kazi kwenye majimbo mengine nayo yanaitaka hiyohiyo. Alaska peke yake haina leseni ya kazi yetu kabisa, nikawa nawatania wenzangu kwamba nahamia kwenye barafu. Alama ya juu na mtihani wa pili nilivivuka baada ya miezi 14. Ule wa pili ulinitesa kwa sababu ukichagua kipimo kisichohitajika unakatwa alama, na sisi tumelelewa kwamba mgonjwa anayehema unamfanyia kila kitu kilichopo.

Baada ya hapo kuna herufi za ubingwa. ACCS ni ya mahututi watu wazima, unaikalia ukiwa RRT na mwaka mmoja wa kazi hiyo. NPS ni ya watoto na vichanga. Kuna za matatizo ya kulala na za vipimo vya mapafu, hizo ni za watu waliochoka zamu za usiku, nazinyemelea. Mimi nina NPS. Mshahara iliniongezea senti za saa, usidanganyike. Ila siku ya kwanza niliposhika tyubu ya kupumulia ya milimita 2.5, nyembamba kama mrija wa soda, kwa mtoto njiti ambaye hajafika kilo moja, nikaiona mashine inamsukumia hewa na kifua kinapanda kama cha ndege, nilisahau boksi lote. Kazi hii naipenda, nikwambie ukweli. Ungekuwa na kadi ningekuambia njoo kesho.

Lakini huna. Na huko nyumbani ventileta zinashikwa na manesi na madaktari wa nusukaputi, yaani na wewe, bila herufi yoyote. Kwa hiyo baki nesi, ufanye NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa huku. Ukishafika, ukiona mapafu yanakuita, tutaongea. Au usije kabisa, sijui, wiki hii nimezika mgonjwa wangu wa tatu na nimekula nimesimama.

Kesho nenda chuoni mwenyewe, usitume mtu. Omba matokeo na silabasi ya kila somo, yenye saa za darasani na za wodini, na usitoke mpaka mtu aandike jina lake na tarehe kwenye nakala ya ombi lako. Ada ya kukaguliwa vyeti nitalipa mimi. Bati za baba mdogo hizo nyingine zisubiri. Na ya CRT, mama asijue.