Mshukuru Mungu kwa Jambo Lenyewe

Katika usharika wetu wa Kilutheri hapa Moshi, sadaka ya shukrani hutolewa katika bahasha yenye nafasi ya kuandika sababu ya shukrani. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaobaki baada ya ibada kuhesabu sadaka na kuorodhesha shukrani hizo ili zisomwe katika matangazo. Bahasha nyingi hubeba maneno yaleyale: "kwa mema yote aliyonitendea", "kwa ulinzi wake", "kwa uzima". Sina ugomvi na maneno hayo, kwa kuwa ni ya kweli, na wengine huyaandika kwa sababu hawapendi mambo ya nyumbani kwao yasomwe mbele ya usharika mzima, jambo ambalo naliheshimu. Lakini mara moja moja hutokea bahasha inayotufanya sote tuliopo mezani tuache kuhesabu. Bibi mmoja aliandika kwamba anamshukuru Mungu kwa sababu ng'ombe wake alizaa salama saa nane usiku, na daktari wa mifugo alipokea simu mara tu ilipoita. Mwingine alishukuru kwa kuwa choo chao kipya kimekamilika kabla ya masika kuanza.

Bahasha za namna hiyo zimenifundisha kuhusu shukrani kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Aliyeandika habari za ng'ombe alikuwa ameutazama usiku wake vizuri, akaona ni wapi hasa Mungu alimsaidia na kwa mkono wa nani. Ushauri wangu kwa Mkristo anayetaka kushukuru kila siku unaanzia hapo: litaje jambo lenyewe. Shukrani ya jumla, ikizoeleka, huacha kusikika hata masikioni mwa anayeitamka, lakini shukrani inayotaja jambo humlazimisha mtu kuikumbuka siku yake na kumwona Mungu ndani yake.

Sisi tuliopitia darasa la kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani ambacho Martin Luther alikitoa mwaka 1529, na nakiri kwamba tulipokuwa watoto orodha zake tuliziona kama adhabu. Sasa nazipenda. Akieleza sehemu ya kwanza ya Imani ya Mitume, ile inayoungama Mungu Muumbaji, Luther haridhiki kusema kwamba Mungu ameumba vitu vyote. Anataja macho, masikio na viungo, akili, nguo na viatu, chakula na kinywaji, nyumba, mke na watoto, shamba na mifugo, halafu anasema kwamba kwa hayo yote tunapaswa kumshukuru Mungu na kumsifu, kumtumikia na kumtii. Akifika kwenye mkate wa kila siku katika Sala ya Bwana, orodha inarefuka zaidi, hata inaingiza serikali njema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki wema na majirani waaminifu. Anaongeza jambo ambalo watu wengi hulipita: Mungu huwapa watu wote mkate huo hata bila sisi kuomba, waovu wakiwemo, na tunachoomba katika sala hiyo ni kwamba atujalie kuutambua na kuupokea kwa shukrani. Kwa hiyo kuna siku ambazo sala yangu ya shukrani imeanza na viatu, kwa sababu asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha, njia yetu ya udongo mwekundu ilikuwa inateleza, nami nilikuwa navyo.

Namna ninavyofanya si ngumu. Usiku, kabla ya kuomba jambo lolote, ninaipitia siku tangu nilipoamka hadi nilipofunga mlango, na ninasimama mahali pamoja au pawili tu. Ninasema, "Bwana, asante kwa yule mama wa sokoni aliyeniongezea fungu la mchicha bila mimi kudai nyongeza," au, "Asante kwa sababu mwalimu wa mwanangu alinipigia simu mapema, kabla mambo hayajaharibika." Wapo wanaopenda kuandika katika daftari, na kama daftari linakusaidia, endelea nalo, mimi daftari hunigeuza mhasibu, nikaanza kutafuta mambo ya kujaza ukurasa. Jambo moja lililotazamwa vizuri linanitosha. Baada ya hapo ndipo ninapoleta mahitaji yangu, nami nimeona kwamba mahitaji yanayotanguliwa na shukrani hutoka kwa sauti iliyotulia zaidi, hata kama ni yaleyale ya jana. Mtume Paulo aliyaweka mambo hayo mawili katika sentensi moja: "katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu" (Wafilipi 4:6). Aliandika hayo akiwa kifungoni.

Watu wengi huniuliza habari za siku mbaya. Ni rahisi kushukuru ng'ombe akizaa; je, akifa? Hapa mimi hukumbuka kisa cha Matendo ya Mitume sura ya 27, ambacho kwa maoni yangu hakihubiriwi vya kutosha tunapozungumzia shukrani. Merikebu inayompeleka Paulo Roma akiwa mfungwa imepigwa na dhoruba kwa siku nyingi. Shehena imetupwa baharini, jua na nyota hazikuonekana, na watu 276 waliomo hawajala kitu hadi siku ya kumi na nne. Paulo ameahidiwa kwamba hakuna mtu atakayepotea, lakini merikebu yenyewe itapotea, na usiku huo bado haujapambazuka. Katika hali hiyo "akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula", na wengine wote wakachangamka, wakala. Hakuishukuru dhoruba, wala hakuwaambia mabaharia kwamba upepo ule ulikuwa baraka iliyojificha. Alishukuru kwa mkate aliokuwa ameushika, kabla hawajafika nchi kavu. Nimeitumia njia hiyo katika majira ambayo ada ya shule haikuonekana itatoka wapi na mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa na urefu wa goti. Sikuweza kushukuru kwa ukame, na sidhani Mungu alinitaka nifanye hivyo, lakini maharage yalikuwepo jikoni, nami nilishukuru kwa maharage.

Kwa sababu hiyohiyo ninawaomba Wakristo wenzangu tuwe waangalifu sana msibani. Tunapenda kumwambia mfiwa, hata kabla jeneza halijashushwa kaburini, "Mshukuru Mungu tu, dada," na mara nyingi tunasema hivyo kwa sababu kilio chake kinatutisha sisi. Maneno ya Paulo, "shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18), hayakuandikwa ili kumziba mtu mdomo. Ndani ya Biblia hiyohiyo kuna Zaburi ya 13, inayoanza kwa kuuliza "hata lini" na kufika kwenye wimbo mwishoni kabisa, na kuna Zaburi ya 88, ambayo haifiki huko kabisa, bali inaishia gizani, na bado ni sala. Mfiwa akishindwa kushukuru mwezi huu, sisi tunaokaa naye tunaweza kushukuru kwa niaba yake, kimyakimya, huku tukimchotea maji na kuwaandaa watoto wake kwenda shule. Shukrani yake itakuja kwa wakati wake, na ikija huenda ikawa ya kitu kidogo sana, kama jirani aliyelala sebuleni kwake wiki nzima bila kuulizwa.

Kuna jambo jingine linaloniudhi kidogo, nami nitalisema waziwazi. Siku hizi shukrani imeanza kutangazwa kama malipo ya awali: toa sadaka nono ya shukrani leo, ili Mungu akufungulie mlango mkubwa zaidi kesho. Hiyo ni biashara, na mtu anayefanya biashara na Mungu ataacha kushukuru siku faida itakapochelewa. Mwandishi wa Zaburi ya 116 anauliza, "Nimrudishie Bwana nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?" na jibu lake la kwanza ni kwamba atakipokea kikombe cha wokovu, anaulizia malipo, kisha ananyoosha mkono kupokea tena. Nadhiri na sadaka zinafuata baadaye, naye anazitoa kama mtu aliyekwisha kupewa.

Ninachopenda kwetu ni siku ya mavuno. Watu hushuka na mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, debe za maharage, kuku waliofungwa miguu, maziwa, hata maua, na madhabahu hujaa hadi mchungaji anatafuta pa kukanyaga. Baada ya ibada mnada hufanyika nje, na hapo hesabu za sokoni husahaulika. Yai moja lililoletwa na mtoto wa shule ya Jumapili laweza kununuliwa kwa bei ya trei nzima. Mzee mmoja ananunua mkungu wa ndizi, anaushika, anautazama, halafu anasema, "Rudisha mezani," unanadiwa upya na kununuliwa na mwingine, naye pia anaurudisha. Nimeona kuku mmoja akizunguka hivyo mara kadhaa, akilalamika kwa sauti kila alipoinuliwa, hadi mnadishaji mwenyewe akamhurumia. Anayerudisha mkungu harudi nyumbani na kitu, na jioni hiyo atakula kilekile ambacho angekula siku nyingine yoyote. Ukitaka kuwafundisha watoto kwamba tunamshukuru Mungu bila kumdai, wapeleke mnadani, wape shilingi chache wanunue wenyewe, na usiwaeleze sana.

Jambo la Farisayo nitaligusa kwa kifupi, kwa kuwa kila mmoja wetu analijua. Yule mtu aliyesimama hekaluni katika Luka 18 alianza sala yake kwa shukrani, na sala ile ikaharibika palepale alipojilinganisha na mtoza ushuru. Ukijikuta unashukuru kwamba watoto wako si kama wa jirani, simama, na uanze upya na viatu.

Kisha kuna kurudi. Katika Luka 17 watu kumi wenye ukoma walitakaswa wakiwa njiani, na mmoja tu, Msamaria, alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, naye Yesu akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Sina shaka kwamba wale tisa walifurahi, na pengine walimtukuza Mungu majumbani mwao, lakini hawakurudi kwa yule aliyewaponya. Nami naamini kwamba mema mengi ya Mungu hutufikia kwa mikono ya watu, kwa hiyo baadhi ya shukrani zetu zinahitaji miguu. Usiku mmoja mama yangu alizidiwa, na kijana wa bodaboda alimbeba taratibu hadi hospitali, mimi nikiwa nimekaa nyuma nimemshikilia, naye hakupandisha nauli ingawa usiku ule angeweza kudai chochote. Mama alipopata nafuu nilikwenda kumtafuta kijiweni. Aliponiona tu alishuka kwenye pikipiki, akasema, "Shikamoo mama, kuna tatizo?" Wenzake nao wakanyamaza wakisubiri kesi. Nikamwambia sina tatizo, nimekuja kumwambia kwamba yule mama aliyembeba usiku ule amepona na amemtumia asante pamoja na ndizi. Alicheka kwa aibu, na wenzake wakaanza kumtania kwamba sasa ana mama wa kanisa. Niliporudi nyumbani niligundua kwamba sala yangu ya usiku huo ilikuwa fupi, kwa sababu sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha kusemwa pale kijiweni. Tafuta mtu mmoja wa namna hiyo kila juma: muuguzi, kondakta aliyekurudishia chenji uliyoisahau, mwalimu aliyestaafu. Nenda mwenyewe ukiweza. Usipoweza, piga simu, na umweleze alifanya nini, siku gani.

Mezani ndipo mahali pa kuanzia kwa familia yenye watoto wadogo, kwa kuwa sala ya chakula ipo tayari na huhitaji kubuni ibada mpya. Tatizo lake ni kwamba watoto huikimbiza hadi maneno yanagongana. Nyumbani kwetu tumeongeza swali moja kabla ya sala: chakula hiki kimepita kwa nani? Mara ya kwanza jibu lilikuwa "kwa mama", basi. Siku hizi wanataja bibi aliyekata ndizi, dereva wa daladala aliyekubali kupakia mzigo, mwenye duka la unga, mchungaji wa mbuzi, na mdogo wao wa mwisho husisitiza ng'ombe nao watajwe. Ilibidi tuweke sheria kwamba kila mmoja ataje jina moja tu kwa mlo, maana ugali ulikuwa unapoa. Tumeongeza pia sala ya baada ya kula, ambayo Wakristo wengi wameiacha, ingawa Kumbukumbu la Torati 8:10 inaagiza wazi kwamba tukisha kula na kushiba ndipo tumshukuru Bwana. Hiyo huifanya anayetoa vyombo, akiwa bado amesimama na sahani mikononi, na wengine hawaruhusiwi kuondoka hadi aseme amina.