Ruba kwa maumivu sugu ya kisigino

Pole sana ndugu. Umeuliza kama ruba wa tiba ya Ayurveda (tiba ya jadi ya India) watakuondolea maumivu ya kisigino ya mwaka mzima. Kule India tabibu humwacha ruba anyonye mpaka ashibe na kuachia mwenyewe, kisha humpaka unga wa manjano mdomoni ili atapike damu. Mate yake yana hirudini, inayozuia damu kuganda, ndiyo maana jeraha huvuja kwa saa kadhaa. Utafiti wa Ujerumani wa 2003 ulionyesha nafuu kwenye magoti. Kwa kisigino ushahidi bado ni mdogo. Kama una kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, tafadhali usithubutu: damu inaweza kuvuja kupita kiasi, na tumboni mwa ruba mna bakteria wanaoweza kuambukiza jeraha. Anza na mazoezi ya kunyoosha misuli ya shavu la mguu, na uvae viatu vyenye soli laini. Wengi hupona hivyo, ingawa huchukua miezi.