Nilisoma masoko na fedha, Kifaransa kikaniumbua

Jumapili jioni nimepata ujumbe wa binti wa mwaka wa pili, chuo hapahapa Dodoma. "Dada, shikamoo. Nasoma masoko. Semista hii naweza kuongeza fedha nitoke na michepuo miwili, au nichukue Kifaransa. Mjomba anasema lugha ni za waongoza watalii. Nifanyeje?"

Nimeusoma mara tatu, maana mjomba wa namna hiyo hata mimi nilikuwa naye. Kwangu alikuwa baba mdogo, na maneno yalikuwa hayohayo.

Nilimsikiliza, nikajaza fedha. Miaka miwili iliyobaki nilikesha, sikukamata sapu hata moja, na mama akanitolea shukrani kanisani. Lakini ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo nilikuwa nimeshayapitia kwenye masoko. Uhasibu wa awali, takwimu, uchumi, sheria ya biashara, yote yalikuwa yaleyale. Machache yaliyokuwa mapya ningejifunza kazini.

Mwaka 2021 nilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, huku Kizota. Bosi akapata mteja Lubumbashi, Kongo, anataka mafuta ya madumu ya lita 20. Kwenye simu raha tupu. Wakongo wa kule Kiswahili wanakijua, tunacheka, tunaitana ndugu. Basi nikaamini lugha tunayo. Halafu wakala wa forodha wa kule akatuma profoma, yaani ankara ya awali ya bei, ya kutoa mzigo na kuuhifadhi ghalani. Karatasi nzima Kifaransa. Chini kabisa pameandikwa 4.800,00, na pembeni herufi mbili: HT. Nikaingiza dola 4,800 kwenye hesabu, tukapanga bei ya dumu, mteja akakubali, bosi akasaini.

HT ni hors taxe, yaani kabla ya kodi. Bei iliyokwishajumlisha kodi huandikwa TTC. Kodi ya ongezeko la thamani kule Kongo ni asilimia 16. Mzigo umeshafika, tunadaiwa dola 768 juu, na bei ya dumu haigeuziki tena.

Bosi aliniita mbele ya vijana wa kupakia. "Digrii ina fedha ndani yake, na hiki hukukiona?" Sauti ile ninayo masikioni mpaka leo. Wiki iliyofuata akaletwa kijana aliyekulia Bujumbura, hana digrii, akapewa meza yangu. Mimi nikapelekwa stoo kuhesabu madumu. Hesabu nilizijua kuliko yeye, jamani. Nilishindwa na herufi mbili.

Nikatafuta mwalimu. Mama mmoja Mrundi, anaishi Nkuhungu, alinipokea kila jioni baada ya kazi. Siku ya kwanza nilikwenda na kitabu kinachosema 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na 90 ni quatre-vingt-dix, ishirini mara nne na kumi. Akakifunga. "Mwanangu, kwetu na Kongo utasikia septante na nonante. Anza na namba za watu utakaofanya nao biashara." Miaka miwili ya vitenzi sitawachosha nayo.

Leo nina mzigo wangu mwenyewe. Mwezi uliopita wakala alinitumia bei ya HT, nikamwandikia kwa Kifaransa changu anirudishie ikiwa TTC, na tarehe ya mwisho ya bei hiyo iwepo. Ilirudi kabla sijamaliza chai.

Kwa hiyo, mdogo wangu, soma Kifaransa. Kama ndoto yako ni CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hapo sina ubishi, fuata uhasibu moja kwa moja. Lakini kama unataka kuuza na kununua, soma lugha. Kasimame barabara ya Singida uangalie namba za malori yanayopita: Rwanda, Burundi, Kongo. Nchi zote tatu Kifaransa ni lugha rasmi, na Kongo tuko nayo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Msidanganyike na Kiswahili cha kwenye simu kama nilivyodanganyika mimi. Maongezi ni Kiswahili, karatasi ni Kifaransa, na pesa inalipwa kwa karatasi. Fedha utaisoma hata ukiwa na miaka arobaini, kitabu mkononi. Lugha inataka kila siku, inataka ulimi uzoee, na muda huo unao sasa ukiwa chuoni, bumu linaingia na hujapata mtoto wa kubeba mgongoni. Vijana wetu tunalundika vyeti vinavyofanana, halafu tunashangaa kukuta foleni ya watu mia wenye vyeti vilevile.

Umesema mwisho wa kubadilisha kozi ni Ijumaa. Nenda kesho asubuhi. Ile profoma ya Lubumbashi ninayo bado, nimeitunza, nitakutumia picha yake usiku huu. Mwambie mjomba akusomee mstari wa mwisho.