Mume hataki mtoto achanjwe surua

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Naishi Ujiji. Mwanangu ametimiza miezi tisa, na kadi ya kliniki inaonyesha ni zamu ya surua na rubella. Baba yake, mvuvi wa dagaa, amekataa. Anasema chanjo zinaua kizazi, na kwamba Muislamu inamtosha tawakkul, yaani kumtegemea Mungu. Nikimpeleka kimyakimya nitakuwa nimemuasi mume wangu?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullah, dada yangu.

Nianze na tawakkul, maana hapo ndipo watu wengi wanapotelezea. Bwana mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.): nimfunge ngamia wangu nitegemee, au nimwache nitegemee? Akajibiwa: "Mfunge, kisha utegemee." Imepokewa na Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi. Mumeo akirudi alfajiri kutoka ziwani hauachi mtumbwi ukichezewa na mawimbi. Anaufunga kamba, anaivuta aone kama fundo limeshika, ndipo anakwenda kuswali. Basi na mtoto afungiwe kamba yake, nayo ni chanjo.

Wapo wanaosema dawa ni ya mgonjwa, mzima anadungwa sindano ya nini? Lakini katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim imekuja kwamba atakayekula asubuhi tende saba za ajwa, siku hiyo hatadhurika kwa sumu wala uchawi. Hiyo ni kinga kabla ya madhara, na kwa hadithi hii Sheikh Ibn Baz, aliyekuwa mufti mkuu wa Saudi Arabia, alijuzisha chanjo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni wa sheria, ilipokutana Jeddah mwaka 1992, ilifika mbali zaidi: kiongozi anaweza hata kuwalazimisha watu chanjo za kinga.

Ukisikia kwamba chanjo ina kitu cha nguruwe, ujue nayo imeshajibiwa. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikuta kitu kinachotokana na nguruwe kwenye chanjo ya surua na rubella mwaka 2018, likaijuzisha kwa dharura kwa kuwa mbadala wa halali haukuwepo.

Ama kizazi, mwambie mumeo avue shati atazame bega lake. Likiwa na kale kakovu ka chanjo ya kifua kikuu tuliyochomwa utotoni, basi huyo mtoto mnayebishania amezaliwa na mtu aliyechanjwa.

Surua nimeiona kwa karibu. Macho mekundu yanayokimbia mwanga, kinywa kimejaa vidonda, mtoto analilia ziwa kwa njaa na akilishika analitema kwa maumivu. Hewa ya chumba alichokaa mgonjwa hubaki na virusi hata saa mbili baada ya yeye kutoka. Na mji wetu ni wa bandari, kila siku tunapokea wageni kutoka Kongo na Burundi.

Kumpeleka kimyakimya sikushauri kwa kuanzia. Zungumza naye akiwa ametulia, mwende wote kliniki, amuulize muuguzi kila linalomsumbua. Akishikilia kukataa, mpeleke mtoto, kisha umwambie wazi kuwa umempeleka. Mtoto ni amana kwenu nyote wawili, na Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Haki ya mume haifiki hapo.

Mtoto anaweza kupata homa au vipele vidogo siku chache baada ya sindano. Mweleze baba yake mapema, asije akasema "nilikwambia". Na kadi itunze, dozi ya pili ni akifikisha miezi 18.

Wallahu aalam.