Kuanza kutoka mwanzo, ndiko kuanzia wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kutafsiri makala za biashara na teknolojia, na usemi wa Kiingereza "from scratch" haunipi nafasi ya kupumua. Mmoja kaunda kampuni "from scratch", wa pili kaandika programu "from scratch", wa tatu mradi umemharibikia na sasa anaanza tena "from scratch". Mhariri wangu anataka niandike "kutoka mwanzo" pote. Mwenzangu mmoja anasema "kuanza moja", mwingine "kuanza sifuri". Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Shika yote mawili ya wenzako, kila moja na mahali pake, na hilo la mhariri mrudishie kwa heshima zote.

Usemi wenyewe ulizaliwa viwanjani. "Scratch" ni mkwaruzo, yaani mstari uliochorwa chini kuonyesha mahali pa kusimama. Kanuni za ndondi za Uingereza za mwaka 1838 zilimpa bondia aliyeangushwa sekunde 30 za kupumua, kisha sekunde 8 za kufika kwa miguu yake kwenye mstari wa katikati ya ulingo, asipofika, ameshindwa. Kwenye mbio, wanyonge walikuwa wakitangulizwa mbele hatua kadhaa ili ushindani ulingane, na aliyeanzia mstarini alikuwa yule ambaye hakupunguziwa chochote. Kwa hiyo usemi huu, tangu ulipotoka, hauzungumzii mwanzo wa kitu. Unamzungumzia mtu asiyetangulizwa, asiyebebwa. Mhariri wako amelichungulia neno juu juu, akaona kuna kuanza ndani yake, akaridhika.

Sasa tumtazame huyo "kutoka mwanzo" wake, maana siku hizi yumo kila mahali. Programu za kutafsiri zinamtapika, na wanadamu wanamwokota bila kumkagua. "Ameijenga kampuni yake kutoka mwanzo." Mwanzo upi? Mwanzo ni sehemu ya kitu ambacho tayari kipo. Barua ina mwanzo, kwa hiyo naweza kukuambia uisome tangu mwanzo. Ugomvi una mwanzo, kwa hiyo naweza kukulaumu kwamba nilikuonya tangu mwanzo. Wimbo una mwanzo, na mwenye kuufurahia hucheza mwanzo mwisho. Katika mifano yote hii kitu kimetandazwa mbele yetu, kina kichwa na mkia, nasi tunachagua tukishike wapi. Kampuni ambayo bado haijaundwa haina kichwa wala mkia. Mwenye kuiunda hakutoka mwanzoni mwake, kwa sababu mwanzo huo ni yeye aliyeuleta. Sentensi ya mhariri imesifu jambo ambalo kila mjenzi amelifanya: nani amewahi kujenga kitu akaanzia mwisho?

Kibaya zaidi ni pale "kutoka" inapobandikwa kwenye kitenzi "kuanza". "Tulianza kutoka chini." "Tuanze kutoka ukurasa wa kumi." Hapa hasira zangu za siku nyingi zinapata njia, na msomaji utanivumilia.

Kiswahili kina mnyambuliko. Tunaufundisha darasani, tunautungia mitihani, kisha tukishika kalamu kazini tunausahau. Kitenzi "anza" ukikipa kauli ya kutendea kinakuwa "anzia", na ndani ya hiyo "i" moja tayari mna mahali, mna wakati, mna namba ya kuanzia. "Tulianzia chini." "Tuanzie ukurasa wa kumi." "Ufa umeanzia dirishani." Hakuna "kutoka", na hakuna kinachopungua. Anayesema "tulianza kutoka chini" anazungumza Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili: katenganisha kitenzi na kihusishi kama wanavyofanya wao, wakati kwetu vyote viwili hukaa ndani ya neno moja. Sisemi "kutoka" haina kazi. Ina kazi kubwa ya kubeba mwendo, na basi litokalo Mombasa kwenda Dar es Salaam linatoka hasa. Kuanza si mwendo.

Tatizo ni kwamba watu wanaikwepa "kuanzia" pale inapohitajika, kisha wanaimwaga pale isipotakiwa. Soma tangazo lolote: "Mkutano utaanza kuanzia saa 2 asubuhi." Sentensi hii nimeisahihisha kwa wino mwekundu, nimeisahihisha kwa penseli, nimeisahihisha kwa kinywa mbele ya vipaza sauti, na bado inarudi. Basi tuichambue neno kwa neno.

"Utaanza" ni tukio la nukta moja. Sasa hivi mkutano haujaanza, dakika hiyo ikifika, umeanza, ikipita, unaendelea. Hauanzi tena. "Kuanzia" nayo haitaji nukta, inataja mfululizo: kutoka hapa na kusonga mbele. Ukisema duka liko wazi kuanzia saa 2, umesema kwamba saa 2 liko wazi, saa 3 liko wazi, na saa 5 vilevile. Sasa unganisha hayo mawili. "Utaanza kuanzia saa 2" maana yake ni kwamba saa 2 mkutano utaanza, saa 2 na robo utakuwa ukianza, na saa 3 kasoro dakika kumi bado unaanza. Mkutano wa namna hiyo hautafika ajenda ya kwanza. Na tusimshangae mwalikwa akiingia saa 3 na nusu bila haraka: tangazo lenyewe limemruhusu.

Waungwana, mlango ni mmoja kati ya miwili. Ama "mkutano utaanza saa 2 asubuhi", na hapo kila mtu anajua saa ya kuketi. Ama "mkutano utafanyika kuanzia saa 2 hadi saa 6", na hapo mmetupa urefu wake. Ukitumia "kuanza", nukta imekwisha kutajwa. Ukitaka "kuanzia", tafuta kitenzi kinachodumu: kufanyika, kuwapo, kupokelewa, kutumika. "Fomu zitapokelewa kuanzia Jumatatu" ni sentensi nzima, kwa sababu fomu hupokelewa siku baada ya siku. "Fomu zitaanza kupokelewa Jumatatu" nayo ni nzima. "Fomu zitaanza kupokelewa kuanzia Jumatatu" imevaa kofia mbili.

Hata kwenye lugha ya sheria, ambako neno moja linaweza kumpeleka mtu mahakamani, kosa hili limeweka makao: "Kanuni hizi zitaanza kutumika kuanzia tarehe 1 Julai." Zitaanza kutumika tarehe 1 Julai, au zitatumika kuanzia tarehe 1 Julai. Mwandishi wa kanuni ana wajibu wa kuchagua, na kuchagua kwenyewe hakumgharimu chochote. Nayakubali makosa ya mtu wa kawaida anayeongea haraka. Siyakubali kwa mwenye kulipwa kupima maneno.

Wapo wanaonijibu kwamba Kiswahili hupenda mkazo, na kwamba "kuanza kuanzia" ni mkazo tu, kama "palepale" na "sasa hivi". Hapana. Anayesema "palepale" amelirudia neno makusudi ili lipigiliwe, na msikilizaji anausikia msumari ukiingia. Katika "utaanza kuanzia" hakuna kinachopigiliwa. Nukta na mfululizo vimewekwa kitanda kimoja na havielewani.

Nisiiache familia hii ya "anza" kabla sijakugusia ndugu yao mwingine anayeonewa, maana kwa makala zako za biashara utamhitaji kila siku. Naye ni "anzisha". Chukua sentensi hizi mbili: "Alianza shule akiwa na miaka 7" na "Alianzisha shule akiwa na miaka 27." Wa kwanza ni mwanafunzi, wa pili ni mwenye shule. Tofauti ni silabi moja, na silabi hiyo ndiyo inayotofautisha anayeketi kwenye dawati na aliyelinunua. Kwa hiyo ukiandika "alianza kampuni mwaka 2010", umeacha nusu ya sentensi kwenye Kiingereza. Kampuni ilianza, yeye aliianzisha. Ila "alianza biashara" nitaipitisha, kwa sababu biashara ni shughuli na mtu huanza shughuli kama anavyoanza kazi au safari. Kampuni ni chombo, na chombo huanzishwa. Na angalia pia usimweke mtu baada ya "anza" bila kufikiri: kumwanza mtu ni kumchokoza, na mtoto anayelia "yeye ndiye aliyenianza" hazungumzii ratiba.

Ipo na "kwa" inayosahaulika. "Alianza kuimba" ni kwamba alikuwa kimya, akaimba. "Alianza kwa kuimba" ni kwamba alikuwa na mambo kadhaa ya kufanya, na la kwanza likawa kuimba. Watafsiri huziweka moja mahali pa nyingine, na msomaji anakosa kujua kama mgeni rasmi alifika akaimba au alifungua hotuba yake kwa wimbo. Ukitaka kutaja la kwanza katika orodha, "anza na" inatosha: "Tuanze na bajeti." Hiyo sina ugomvi nayo.

Sasa nirudi kwa wenzako wawili, ambao wamesikia vizuri kuliko mhariri.

"Kuanza sifuri" ni kuanza bila kitu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, "sifr", kwa maana ya kitupu, na Wazungu nao walilipata hukohuko wakatengeneza "zero" yao. Aliyeanza sifuri hakuwa na mtaji, hakuwa na wateja, hakuwa na mjomba ofisini. Hiyo ndiyo maana ya yule mkimbiaji asiyetangulizwa. Kiswahili kinalo na neno la mwilini zaidi, "mikono mitupu", nami nalipenda kuliko sifuri kila habari inapokuwa ya mtu. Sifuri ibaki kwa mahesabu na kwa vitu.

"Kuanza moja" ni jambo jingine. Anayeanza moja alikuwa amekwisha kuhesabu. Alifika kumi na saba, akapotea, akalazimika kurudi. Kwaya ikikosea katikati, kiongozi husimamisha mikono na kusema "tuanze moja", na kila mwimbaji anajua kwamba yaliyoimbwa yamefutwa. Ndani ya usemi huu kuna kazi iliyopotea na kuna kurudi. Mtu ambaye hajawahi kujaribu hawezi kuanza moja, kama asivyoweza kuanza upya. Makala za maisha ya watu maarufu zimejaa vijana "walioanza upya" ambao hawakuwa wameanza popote hapo kabla. Neno "upya" linadai ukale. Na ukikutana na "kuanza upya tena kutoka mwanzo", chukua kalamu ufute maneno matatu ya mwisho. Yote yamekwisha kusemwa na "upya".

Limebaki suala la mtu aliyeandika programu nzima mwenyewe, au aliyeoka mkate bila kununua unga uliokwisha kuchanganywa, kwani Kiingereza kinautumia usemi uleule hapo pia. Hapa sifuri haikai vizuri, na moja haikai kabisa. Msemaji wa Kiswahili aliyeachwa peke yake, bila sentensi ya kigeni mbele ya macho yake, hataji mwanzo kwa jina lake la jumla. Anataja hatua ya kwanza yenyewe. Kaoka mkate mwenyewe kuanzia kukanda unga. Kashona gauni mwenyewe kuanzia kukata kitambaa. Kajenga nyumba mwenyewe tangu kuchimba msingi. Msomaji anaiona kazi na anaupima ukubwa wake, jambo ambalo "kutoka mwanzo" haliwezi kumpa hata ukiliandika kwa herufi kubwa. Lakini njia hii inamdai mtafsiri ajue kitu hicho hutengenezwaje, na nashuku ndiyo sababu "kutoka mwanzo" inapendwa: haimdai mtu kujua lolote.

Basi sentensi zako tatu, mwanangu, ziandike hivi. Wa kwanza: "Aliianzisha kampuni mikono mitupu." Wa pili: "Programu nzima kaiandika mwenyewe, tangu mstari wa kwanza." Wa tatu: "Mradi umemharibikia, anaanza moja." Mhariri akikuuliza "kutoka mwanzo" imekwenda wapi, mwonyeshe ukurasa huu. Na kama ndiye anayeandika matangazo ya mikutano hapo ofisini kwenu, mwonyeshe na aya zile za katikati.