Bima kwa wote, na mwenzangu je?

SWALI: Naishi Tanga, nimeajiriwa na nina kadi ya bima ya afya. Mwenzangu ni mwanamume kama mimi na hana bima. Kwa kuwa sasa kuna sheria ya bima kwa wote, naweza kumwandikisha kwenye kadi yangu? Tena nikienda kupima magonjwa ya zinaa, ni lazima nijieleze? – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Kwenye kadi yako, hapana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imewafikiria hata wasio na ajira, lakini mwenza ni wa ndoa, na utaombwa cheti cha ndoa. Usimwandikishe kama ndugu. Vyeti vya kuzaliwa vitawaumbua. Ajiandikishe mwenyewe.

Wala asingoje kadi ndipo apime. Kipimo cha VVU na dawa za ARV katika vituo vya serikali ni bure, mwenye bima na asiye nayo.

Kujieleza ni jambo jingine. Wewe ni nani si swali la kitabibu, na maadamu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono "kinyume cha maumbile", bado kipo, huna sababu ya kulijibu. Kinachotakiwa kutajwa ni mahali palipoguswa. Hapa ndipo wengi wanapokwama: anapewa kikopo, anakojoa, majibu yanarudi safi, naye anaondoka ametulia. Kumbe kisonono cha kooni au cha njia ya haja kubwa hakionekani kwenye mkojo, na mara nyingi hakiumi wala hakitoi usaha. Vituo vingi hutibu kwa kufuata dalili. Asiye na dalili hupitwa. Mwambie daktari, "Naomba uniangalie na njia ya haja kubwa." Basi. Hujamtaja mtu. Omba na kipimo cha damu cha kaswende. Kwa upande wa VVU, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu atunze siri ya majibu yako.

Kondomu ikipasuka, PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya tendo la hatari) ianzwe ndani ya masaa 72 na inywewe siku 28 bila kuruka. Masaa hayo yanahesabika hata Jumapili, kwa hiyo nenda dharura.

PrEP, yaani dawa ya kuzuia VVU inayoanzwa kabla ya tendo, ulizia kwanza CTC (kliniki ya huduma za VVU) kama ipo. Mwaka 2025 fedha za Marekani za huduma za VVU zilisimama, kisha zikarudi kwa masharti: PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Ukiipata, na umepima ukakutwa huna VVU, mwanamume anaweza kunywa vidonge 2 kati ya masaa 2 na 24 kabla ya tendo, kimoja masaa 24 baada ya vile viwili, na cha mwisho masaa 24 baada ya hicho. Mwenye homa ya ini B asiufuate mtindo huu: dawa hiyo hiyo ndiyo inayomtuliza kirusi wa ini, na kila anapoikatisha, ini linaweza kuvimba upya.